Bweni la wasioona, kitengo, shule ya mtaani au abaki kwanza nyumbani? Kwa wazazi wa watoto wenye CVI

Kila nikienda kliniki nakutana na mama mwenzangu ambaye mtoto wake kafika umri wa darasa la kwanza, na swali ni lile lile: ungekuwa wewe ungempeleka wapi? Kabla sijajibu ananimwagia maoni ya ukoo mzima. Afisa elimu kasema bweni la wasioona, dada wa mazoezi ya viungo kasema kuna shule ya kawaida ina kitengo cha elimu maalum ila ni daladala mbili, mwalimu wa shule ya jirani kasema mlete tu tutamsaidia, na bibi kasema mjukuu wangu haendi kokote akaumizwe. Wote wanne wanampenda mtoto na kila mmoja ana kaukweli kake, ndo maana nimeona bora niziweke hizo njia nne pamoja, nizipime kwa vipimo vile vile, wewe utachagua mwenyewe maana mtoto ni wako na unamjua.

Ila tuelewane kwanza tunaongelea watoto gani. CVI (kwa Kiingereza cerebral visual impairment) ni shida ya kuona inayotoka kwenye ubongo. Daktari anamulika macho anakuta mazima, au yana kasoro ndogo ambayo haielezi kwa nini mtoto hamuoni mama yake akisimama mlangoni kimya. Kuna waliochelewa kulia walipozaliwa, kuna watoto njiti, kuna ambao sukari ilishuka sana siku za mwanzo au manjano yalizidi, wengine wana kichwa maji, na wengine walikuwa wazima kabisa mpaka walipougua homa ya uti wa mgongo au malaria ikapanda kichwani. Wangu alichelewa kulia. Nilizunguka miaka miwili naambiwa macho yake hayana tatizo, na kweli hayakuwa na tatizo, ndo hicho kilichokuwa kinanichanganya.

Sasa kinachowatofautisha hawa watoto na wenye uoni hafifu wa kawaida ni kwamba kuona kwao kunapanda na kushuka. Asubuhi anaokota shanga nyekundu sakafuni, jioni anapita juu ya ndoo kama haipo. Akiwa na njaa, akiwa kachoka, ameamka na degedege, kuna redio na watu wanaongea, kuona kunapungua hapo hapo, watu wanasema anajifanya. Wengi wanachelewa kutazama, yaani unaonyesha kitu unasubiri, unasubiri, ndo anageuka. Wengine wanatazama taa muda mrefu, wengine wanageuza uso pembeni wakati mkono unashika kitu, wengine sehemu ya chini hawaioni kwa hiyo ngazi na mitaro inawaangusha kila siku. Christine Roman-Lantzy, mtaalamu wa CVI wa Marekani, aliorodhesha tabia kumi za namna hii, na Gordon Dutton, bingwa wa macho wa Glasgow, ameeleza vizuri sana kuhusu ubongo kushindwa kuchambua vitu vingi kwa pamoja. Mtoto anamjua rafiki yake vizuri tu, ila mweke huyo rafiki katikati ya watoto mia waliovaa yunifomu moja, hampati.

Kwa hiyo swali la "anaona au haoni" liache. Uliza anaona lini, anaona wapi.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza na kwangu ndo kikubwa, ni vitu vingapi vinamjia kwa mpigo, kelele ikiwemo. Cha pili mwalimu, anajua nini, ana watoto wangapi, na yuko tayari kubadilisha jinsi anavyofundisha au la. Cha tatu atasoma kwa njia gani, macho, vidole au masikio. Cha nne mwili wake mwingine, maana watoto wetu wengi wana mtindio wa ubongo au kifafa juu ya hii CVI. Cha tano umbali na hela. Ada sijaiweka peke yake kwa sababu shule za serikali elimu ya msingi haina ada, ila nauli ipo na nauli ndo inayotuua.

Bweni la wasioona

Hizi ni shule kama Buigiri kule Chamwino, Dodoma, ambayo ilianza 1950, au Furaha ya Tabora.

Vitu kwa mpigo: hapa pana nafuu ambayo watu hawaioni haraka. Shule ya wasioona kila kitu kinasemwa kwa mdomo. Mwalimu anasema naweka kikombe kulia kwako, fulani anaingia, sasa tunaenda bwaloni. Kwa mtoto ambaye ubongo wake unachoka kutafuta sura za watu hiyo ni pumziko kubwa mno, na vitu huwa vinakaa mahali pake havihamishwi hamishwi.

Mwalimu: wengi wamesomea elimu maalum, wengine wametoka chuo cha Patandi kule Arusha, madarasa huwa madogo. Shida ni kwamba wamezoea shida za jicho. Mtoto wa CVI anaweza kuwatatiza, leo anaona kesho haoni, na akipata mwalimu asiye na subira ataambiwa mdanganyifu. Halafu kuna jambo nimelisikia kwa zaidi ya mzazi mmoja, mtoto mwenye uoni kidogo anageuzwa fimbo ya wenzake, kutwa anawapeleka chooni na bwaloni, na yeye mwenyewe ngazi haioni.

Kusoma: nukta nundu. Kuna watoto wa CVI ambao vidole vimewaokoa kabisa kwa sababu ukurasa wa herufi kwao ni vurugu tupu. Lakini kuona kwa CVI kunaweza kuongezeka mtoto akisaidiwa kukutumia, hasa akiwa mdogo, sasa akikaa mahali ambapo hakuna anayemuomba atazame kitu, kile kidogo kinaweza kubaki pale pale. Uliza kabisa, waziwazi: mnafundisha na maandishi makubwa hapa, au nukta nundu tu?

Mwili: fimbo nyeupe, kuoga, kufua, kutandika kitanda, haya wanayafundisha na kwetu sisi wengi tunawafanyia watoto mpaka wanakuwa wakubwa. Dawa za kifafa ndo mpe matroni kwa maandishi na umpigie simu mpaka akuchoke.

Umbali na hela: mbali. Utamuona likizo. Nauli mara chache lakini kubwa.

Inamfaa mtoto ambaye hata mkimjaribia kwa utulivu bado anaona kidogo sana, aliyefika miaka tisa kumi bila herufi kumkaa kichwani, anayejihudumia kiasi, au ambaye nyumbani hakuna mtu wa kushinda naye. Simpeleki mtoto wa miaka sita aliyeanza kutazama sahani yake juzi, huo ni mtazamo wangu.

Kitengo ndani ya shule ya kawaida

Dar inayotajwa sana ni Uhuru Mchanganyiko, lakini halmashauri nyingi zina shule yenye kitengo, muulize afisa elimu maalum wa wilaya atakwambia iko wapi.

Vitu kwa mpigo: hapa inategemea sana chumba. Kuna kitengo nimeingia watoto wanane, ukuta mtupu, kimya, nikatamani mimi mwenyewe nikae. Na kuna kingine wamechanganywa wenye ulemavu wa akili, viziwi, wa usonji na wenye uoni hafifu chumba kimoja, mmoja analia mmoja anagonga meza, mwanangu alijikunja akaziba masikio na macho akayafunga kabisa. Jina ni lile lile kitengo. Usikubali jina, ingia chumbani.

Mwalimu: kasomea elimu maalum lakini huenda ni ya eneo lingine, akili au viziwi. Hilo sio baya sana, maana tayari amezoea kwamba kila mtoto anafundishwa kivyake, ukimpelekea karatasi ya maelezo ya mtoto wako ataisoma. Mwalimu wa namna hiyo mi namchukua kuliko mwenye cheti cha uoni ambaye haambiliki.

Kusoma: nafasi ya kujaribu zote, maandishi makubwa leo, nukta nundu kidogo, kusikiliza, na mapumziko anacheza na watoto wa shule nzima.

Mwili: choo na kubadilishwa nguo mara nyingi kuna dada wa kusaidia, lakini sio kila mahali.

Umbali na hela: hapa ndo mtego. Mtoto wa CVI akipanda daladala mbili zenye mziki, konda anagonga bati, watu wanasukumana, saa nzima, anafika shuleni kuona kwake kumeisha kabla ya kipindi cha kwanza. Nilidhani ananifanyia makusudi mpaka siku moja tulipopanda bajaji kwa sababu ya mvua, akafika mzima, akamuona mwalimu wake akiwa mlangoni. Bajaji kila siku sasa nani anaweza? Kuna wazazi wamechanga wanne wakapata bajaji moja, wengine wamehama nyumba, wengine wanamfunika kofia na kumziba masikio njiani na wakifika wanampumzisha dakika kumi kabla hajaingia darasani. Hiyo ya mwisho haina gharama.

Inamfaa mtoto anayeona kiasi, anayehitaji mtu wa karibu, mwenye mtindio au kifafa kinachotulia kwa dawa, na familia inayoweza kumfikisha asubuhi bila kumchosha.

Darasa la kawaida shule ya mtaani

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wetu tunaishia, tupende tusipende.

Vitu kwa mpigo: ndo mahali pagumu kuliko kote. Watoto tisini, madawati yamebanana, kuta zimejaa mabango ya kila rangi, dirisha liko nyuma ya mwalimu kwa hiyo mtoto anatazama mwanga tu. Lakini vingi hapa vinabadilika bila hela. Akae mbele, dirisha likiwa mgongoni kwake, upande ule anaoona vizuri ndo uelekee ubao. Mabango yaliyo karibu na ubao yahamie ukuta wa nyuma. Mwalimu mmoja mwenye akili zake alitundika shuka jeusi pembeni ya ubao, basi, kitu kikawa kimoja tu cha kutazama.

Mwalimu: hajasomea, hilo ujue. Usimpe somo la ubongo, mpe mambo manne. Amuite jina kwanza kabla ya kumwambia kitu. Akimuonyesha kitu ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema hajui. Asimwambie "tazama huku" wakati anaeleza, kwa sababu wengi hawawezi kusikiliza na kutazama kwa wakati mmoja. Na akifunga macho au akilaza kichwa, amwache dakika tano, huko ni kupumzika sio utovu wa nidhamu. Ukienda na karatasi ya kurasa sita itafungiwa dagaa.

Kusoma: wengi tunakimbilia kukuza maandishi tu. Kwa CVI ukubwa peke yake mara nyingi hautoshi, kinachosumbua ni msongamano. Maneno machache kwenye ukurasa, nafasi pana kati ya herufi na kati ya mistari, picha moja badala ya picha sita. Chukua boksi la kadi jeusi ukate tundu la mstari mmoja, mtoto analisogeza juu ya kitabu anaona mstari huo tu, kile kingine kimefunikwa. Mwanangu alisoma neno lake la kwanza kwenye tundu hilo, neno lilikuwa "mama", nililia mbele za watu. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani linawatambua watahiniwa wenye uoni hafifu, kuna karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza, lakini lazima shule imsajili hivyo, usingoje darasa la saba ndo uanze kukimbizana na mwalimu mkuu na vyeti vya hospitali.

Mwili: choo cha shimo, mtaro katikati ya uwanja, ngazi zisizo na alama. Asiyeona chini atadondoka. Ngazi zinapakwa mstari wa rangi ya njano, kopo moja la rangi linatosha shule nzima. Rafiki yake avae kitambaa chekundu au cha njano mkononi ili ampate kati ya zile yunifomu.

Umbali na hela: hapa ndo inashinda. Anatembea, njia anaijua kwa miguu, watoto wa mtaa wanamjua, akipotea anarudishwa.

Inamfaa mtoto anayetembea, anayeongea akaweza kusema sioni au nimechoka, anayetambua herufi na picha pakiwa na utulivu, na shule ambayo mwalimu wa darasa, sio mwalimu mkuu peke yake, amekubali. Haimfai mwenye degedege za kila wiki.

Abaki nyumbani kwanza

Vitu kwa mpigo: ni wewe unaamua. Nyumba zetu zina vurugu ya macho ambayo tumeizoea. Khanga! Miaka mitatu nilikuwa nambeba mwanangu nimejifunga khanga ya maua makubwa na maandishi, nashangaa kwa nini haangalii uso wangu, kumbe uso wangu ulikuwa unazama kwenye maua. Nikavaa gauni jeusi tupu, nikazima redio, nikakaa, nikasubiri. Akanitazama. Wali kwenye sahani ya maua hauonekani, wali kwenye bakuli jekundu tupu anaupata mwenyewe na kijiko. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe usimlaumu. Mkeka wa mistari geuza au tandika shuka la rangi moja.

Kuna kitu Dutton na mwenzake Suzanne Little waliandika 2015, kwamba baadhi ya watoto wenye ulemavu mwingi wakiwekwa ndani ya hema dogo la rangi moja wanaanza kutazama na kushika vitu. Nilifunga shuka la bluu kwenye kamba za chandarua nikamuweka ndani na kitu kimoja tu, kikombe chekundu. Sio kila mtoto atafanya hivyo, ila gharama yake ni shuka. Simu nayo ukiweka picha moja kubwa kwenye skrini nyeusi inasaidia wengi kwa sababu ina mwanga wake, basi tu isiwe katuni za kurukaruka kutwa nzima.

Mwalimu: wewe, bibi, dada wa kazi. Wote muongee lugha moja, kikombe kiitwe kikombe na kiwe kile kile. Mazoezi hayana haja ya kuwa kipindi, yawe wakati wa kula, kuoga, kuvaa, kila siku vile vile.

Kusoma: bado, ni maandalizi.

Mwili: hapa dawa zinatulia, mazoezi ya viungo yanapata nafasi.

Umbali na hela: nauli hakuna, lakini kuna mtu mzima hafanyi biashara, na mtu huyo karibu kila mara ni mama.

Inamfaa mdogo wa chini ya miaka sita, aliyetoka kuugua, au ambaye degedege hazijakaa sawa. Hatari yake ni mwaka mmoja kuwa minne. Bibi ana upendo lakini upendo wa bibi hauna tarehe ya mwisho, kwa hiyo andika tarehe ukutani ya kwenda kuuliza shule.

Sasa wewe uko wapi?

Kama mtoto ana miaka mitano, dawa ndo kwanza zimeanza kushika, mi ningebaki nyumbani nikimpeleka chekechea ya jirani saa mbili tu kwa siku, asubuhi akiwa mpya. Kama ana saba, anatembea na anaongea, na mwalimu wa mtaani ni mtu wa kusikia, anza hapo ujipe muhula mmoja wa kupima. Kama ni mtaani lakini darasa ni mia na mwalimu kashachoka, tafuta kitengo hata kama ni mbali, ila suala la usafiri ulimalize kabla ya Januari. Kama ana miaka kumi, anazungushwa tu hajui kusoma, na kwenye utulivu kabisa bado hapati herufi, bweni la wasioona sio kushindwa, nenda ukaone, na yule anayejua kusoma kwa vidole akirudi likizo atakufundisha wewe. Kama mna watoto wawili na mmoja tu ana CVI, shule ya kuwapeleka wote pamoja ina faida ambayo hakuna kipimo changu kinaigusa. Walio Kenya waanzie vituo vya upimaji vya EARC, vipo tangu 1984, ndivyo vinavyoelekeza mtoto shule gani.

Popote unapofikiria, omba kukaa darasani asubuhi moja, sio ofisini. Funga macho usikilize kelele, halafu yafungue uhesabu vitu vilivyoko mbele ya mtoto.

Na kama bado hujaambiwa ni CVI, unahisi tu, usiende hospitali mikono mitupu. Mrekodi kwa simu video fupi fupi nyumbani, akiwa na njaa na akiwa ameshiba, mbele ya ukuta mtupu na katikati ya watu, akitafuta kikombe, akishuka ngazi. Kwenye foleni ya CCBRT au KCMC mtoto atakuwa kashachoka, ataingia kwa daktari haoni chochote, na zile video ndo zitakazomuonyesha daktari mtoto unayemjua wewe.